Barua ya wazi kwa walimu vijana wanaowaonyesha wanafunzi filamu ya Stand and Deliver

Wanangu walimu,

Nimesikia kwamba baadhi yenu, mnapopangiwa shule za mitaa ya watu wa hali ya chini, huwakusanya wanafunzi na kuwaonyesha filamu hiyo ili wapate moyo wa kusoma. Siwazuii, kwani ni kazi nzuri na mimi mwenyewe naipenda. Ninachowaomba ni kwamba, kabla ya kuiweka mbele ya watoto, mjue ni wapi imesema kweli tupu na ni wapi imefupisha mambo, maana ufupisho huo unaweza kumvunja moyo mtoto yule yule mnayetaka kumwinua.

Filamu ilitoka mwaka 1988, na Edward James Olmos aliigiza nafasi ya Jaime Escalante, mwalimu mzaliwa wa Bolivia aliyeanza kufundisha mwaka 1974 katika shule ya Garfield, mashariki mwa Los Angeles, ambako wanafunzi wengi walikuwa watoto wa wafanyakazi wenye asili ya Meksiko. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifanya mtihani wa kalkulasi, yaani hesabu za juu zinazopima jinsi vitu vinavyobadilika, wa kiwango cha chuo kikuu na wote wakafaulu. Taasisi iliyosimamia mtihani ikawatilia shaka 14 kati yao kwa sababu makosa yao yalifanana. Kumi na wawili walikubali kurudia, wakapewa mtihani mwingine chini ya uangalizi mkali, na wote wakafaulu tena.

Hapo ndipo filamu inaposema kweli inayouma. Kila aliyewahi kusahihisha madaftari anajua kwamba darasa lililofundishwa na mwalimu mmoja, kwa njia moja, hukosea kwa namna moja. Escalante wa kwenye filamu anawaambia wakaguzi wa taasisi hiyo uso kwa uso kwamba shaka hiyo isingekuwepo iwapo majina ya watoto na mtaa wao vingekuwa vingine. Nawasihi msiyapitie maneno hayo haraka, kwa sababu nanyi mtakutana na shaka kama hiyo: shule yenu ikifanya vizuri mwaka mmoja, wa kwanza kusema kwamba watoto wameibia huenda akawa mwalimu mwenzenu, katika chumba kile kile mnachonywea chai. Siku hiyo msinyamaze. Mtoto aliyetoka jasho kwa haki akiona mwalimu wake ameinamisha kichwa, ataamini kwamba kweli alichokipata hakikuwa chake.

Iangalieni pia, pamoja nao, sehemu ya kijana Angel anayeomba nakala kadhaa za kitabu kimoja ili nyingine akae nazo nyumbani na wenzake wa kijiweni wasimwone akibeba vitabu. Kijana huyo ana akili na ana nia, ila anaogopa kuonekana. Wapo wengi wa namna hiyo madarasani mwenu, na huwa tunawaita wavivu.

Sasa nije kwenye ufupisho. Mtazamaji wa filamu huondoka akiamini kwamba watoto waliokuwa hawawezi hata hesabu za sehemu, kama nusu na robo, walifika kwenye kalkulasi kwa muda mfupi tu kwa nguvu ya mwalimu mmoja mwenye maneno ya moto. Haikuwa hivyo. Escalante alikaa Garfield miaka kadhaa kabla ya kufungua darasa la kalkulasi, na lilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa na wanafunzi watano tu. Alimpata mwenzake, Ben Jiménez, wakajenga hesabu za madarasa ya chini ili mtoto afike juu akiwa ameiva, kukawa na masomo ya likizo, na mkuu wa shule, Henry Gradillas, akawapa ulinzi na nafasi. Matunda makubwa zaidi yalionekana mwaka 1987, wakati wanafunzi zaidi ya 80 walipofaulu. Baada ya Gradillas kuondoka, na Escalante naye kuondoka mwaka 1991, idadi ya wanaofaulu ilishuka.

Mtoto asiyejua haya, akijitahidi muhula mzima na bado akapata alama ya chini, atajilinganisha na wale wa kwenye skrini na kuona kwamba kasoro iko kwake. Nanyi, walimu wa mwaka wa kwanza, mtajilaumu bure, au mtamchosha mkuu wa shule kwa kudai kidato cha nne matokeo ambayo yalipaswa kuandaliwa tangu kidato cha kwanza.

Kwa hiyo onyesheni filamu, kisha muwaambie wanafunzi miaka halisi ilikuwa mingapi. Halafu mwende kwa mwalimu anayefundisha hesabu madarasa ya chini, mkae naye, mkubaliane nani atamfundisha mtoto nini na lini, na mkamwombe mkuu wenu wa shule chumba cha kufundishia wakati wa likizo.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu.