Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka mwanawe ajue Kifaransa kwa simu

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini wote hamjambo. Uliniuliza umwekee binti yako wa miaka 4 aplikesheni gani ili aanze Kifaransa, nikakuahidi kukuandikia kwa utulivu. Naiweka barua hii hadharani kwa sababu wazazi wengi wana swali hilohilo, na wakiuliza hupewa orodha ya majina, basi.

Jibu langu ni hili: chagua iliyo nzuri, kisha ukae naye. Ukimkabidhi simu ukaenda kuendelea na shughuli zako, hata iliyo bora kuliko zote haitamfikisha kwenye kuongea.

Najua utasema watoto wadogo hunasa lugha upesi. Hunasa kweli, ila kutoka kwa watu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha utafiti ambao huwa naukumbuka kila nikiulizwa swali hili. Watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliletewa watu wanaozungumza Kichina, wakawasomea vitabu na kucheza nao kwa vipindi 12. Baada ya hapo watoto wale waliweza kutofautisha sauti za Kichina zisizokuwemo katika Kiingereza, sawa na watoto waliokulia Taiwan. Kundi jingine lilionyeshwa watu walewale kwenye televisheni. Hilo halikuambulia kitu. Wako ana miaka 4, na aplikesheni humjibu anapogusa, kwa hiyo sidai kwamba atatoka mikono mitupu. Atapata majina ya wanyama, rangi, kuhesabu mpaka kumi. Lakini kuulizwa jambo akajibu, kuomba kitu akapewa, hayo yanataka mtu.

Siku moja mtazame anavyocheza bila yeye kujua. Simu inatamka "le chien", halafu zinatokea picha tatu: paka, ng'ombe, mbwa. Anagusa paka, kimya. Anagusa ng'ombe, kimya. Anagusa mbwa, nyota zinamwagika, kengele zinalia, anapiga makofi. Ukidhani amelijua neno la mbwa utakuwa umejidanganya, maana huenda hakulisikia kabisa. Alichokielewa ni kwamba ukigusa zote, mojawapo italeta nyota. Dawa yake ni rahisi na inakuhitaji wewe: kabla hajagusa, funika kioo kwa kiganja umwulize, "Amesema nini?" Akilirudia neno, toa mkono achague. Akishindwa, bonyezeni msikilize tena wote wawili. Na wewe tamka kwa sauti, usione haya kwa lafudhi yako. Mtoto anayemwona mama yake naye akijaribu hutamka kwa ujasiri zaidi.

Kuhusu kuchagua, sikiliza kwanza kwa masikio yako. Nataka sauti ya mtu halisi anayetamka sentensi nzima, si majina ya vitu yaliyopangwa mojamoja. Nataka vihadithi vifupi na nyimbo zinazorudiwarudiwa, kwa kuwa umri wake unapenda marudio. Matangazo yakitokea katikati ya mchezo, ifute siku hiyohiyo. Mtoto wa miaka 4 hajui tofauti ya tangazo na mchezo, atabonyeza tu. Nyingine humtaka mtoto aseme kisha zinapima matamshi yake. Kuwa makini na hizo. Mitambo ya kutambua sauti hukosea zaidi kwa watoto kuliko kwa watu wazima, na inaudhi mtoto kuambiwa amekosea ilhali alisema sawasawa. Ikitokea, mwambie palepale kwamba yeye yuko sahihi.

Ulitaja Duolingo, ile aplikesheni ya kujifunza lugha. Wewe itakufaa, jifunzie. Yeye bado, kwa sababu mazoezi yake mengi yanataka mtu anayejua kusoma. Na ile Duolingo ABC iliyotoka mwaka 2020 lengo lake ni kufundisha watoto kusoma, kwa hiyo usiipakue ukidhani ndiyo ya Kifaransa.

Muda usiwe mrefu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Saa hiyo inahesabu pia katuni. Kwangu mimi robo saa ya Kifaransa inatosha, halafu simu inazimwa na maneno yaleyale yanatumika mkiwa mnaoga, mnavaa viatu, mnapanga vinyago.

Mwambie shemeji asihofu kwamba mtoto atachanganyikiwa. Kuchanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja ni kawaida kwa watoto wanaokua na lugha zaidi ya moja. Ninyi endeleeni kuzungumza naye lugha ya nyumbani kama kawaida, hadithi na maswali yake yote.

Sasa ninalolitaka hasa. Simu yako tayari ina kitu kinachoshinda aplikesheni zote hizo: kupiga simu ya video. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza maneno mapya ya vitendo kwa mtu aliyezungumza nao moja kwa moja kwa video, karibu sawa na aliyekuwa nao chumbani, lakini si kwa video iliyorekodiwa. Mtu wa upande wa pili humsubiri mtoto, humjibu, hucheka naye.

Una yule rafiki yako anayeongea Kifaransa. Mwombe dakika kumi kila wiki. Mtoto ashike mdoli wake, rafiki yako aulize kwa Kifaransa anaitwa nani, ana rangi gani, analala wapi. Asitafsiri haraka, amwache mtoto akisie, wewe ukae pembeni umsaidie kuonyesha kwa mkono.

Zungumza na rafiki yako wiki hii. Na kabla hujalipia aplikesheni yoyote, nitumie jina lake niijaribu, nikupigie tuipitie pamoja.

Ni mimi,
Dada yako