Kadogo, hizo kanda za Baba zisitupwe

Mama mpendwa, na wewe Kadogo,

Hamjambo nyote hapo nyumbani? Mimi huku Birmingham niko sawa, kazi ni ile ile ya kutunza wazee, na mguu umepona kabisa Mama, usiwe na wasiwasi. Pesa ya lori ya kuhama nimetuma kwa simu ya Kadogo, angalieni kama imeingia.

Sasa Kadogo, ni ile meseji yako ya juzi imefanya nikae chini niandike barua mzima. Umesema mkitoka Flamingo hapo Nakuru kwenda Bungoma hamtabeba ile deki ya video wala katoni ya kanda iliyo chini ya kitanda cha Mama, ati ni takataka, ati mtu wa vyuma chakavu atakuja kuchukua. Nakuomba tafadhali, usimpe. Wewe ulizaliwa nyuma, hukuona venye hizo kanda zilijaa.

Wakati huo tivi yetu ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, na kwetu stesheni ni moja tu, KBC, inaanza mchana umeshaenda na usiku inafungwa na wimbo wa taifa. Eriali iko juu ya mlingoti nje na mimi ndio nilikuwa natumwa kuizungusha, Baba anauliza kutoka ndani imeshika, wengine wanapiga kelele bado, bado, hapo hapo wacha! Na siku ya Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho, plot yote inaingia kwetu, watoto chini kwa simiti, wamama kwa viti, wanaume wamesimama mlangoni, yule fundi baiskeli Mjaluo, mama wa mboga Mkikuyu, wale Wakisii wa nyumba ya mwisho. Mzee Ojwang' akifungua tu mdomo, huyo fundi ndio wa kwanza kuanguka na kicheko, anasema huyu ni mjomba wangu kabisa wa Siaya. Na mwenye alikuwa akiigiza Ojwang', Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu! Mama, unakumbuka mama wa mboga alipomwambia fundi hivyo, mwanaume akakataa katakata, akasema hakuna Mkikuyu anaweza kuongea vile. Walibishana hadi taarifa ya habari ikaanza.

Halafu zamu yetu inafika na Vioja Mahakamani, vile vichekesho vya kesi kortini. Makokha akipanda kizimbani aanze kujitetea na ile lafudhi ya kwetu Waluhya, Baba anatoa leso mapema. Sisi tunachekwa, tunajicheka, kesho yake ni Ondiek Nyuka Kwota na lafudhi ya Wajaluo, kesho kutwa ni mwingine, na hakuna mtu alitoka kwa ile nyumba amenuna. Mnajua venye Nakuru imepitia, ile Januari ya 2008 ya fujo za baada ya uchaguzi sitaki hata kuiandika hapa. Siwezi kusema vichekesho vinazuia vita, havikuzuia. Lakini kile chumba nilikiona na macho yangu, watu wa kila kabila wanasikia lafudhi ya jirani na wanaipenda, na mimi naamini kabisa Kiswahili changu na vile ninavyokaa na watu vilitoka hapo. Kile Kiswahili kingine kitamu cha pwani nilikipata kwa ile tamthilia ya Tausi, hiyo Mama ndio alikuwa haruhusu mtu aongee ikianza.

Deki ilikuja baadaye, Baba alipopata ile hela ya sacco. Sisi watoto tulitaka tu sinema za kukodisha, Schwarzenegger kwa Commando, tunaijua neno kwa neno na hatujui Kiingereza chenyewe, tunajua tu staringi hafi na mtoto wake Jenny lazima atapatikana. Lakini Baba alikuwa ananunua kanda mpya, zile E-180 za dakika 180, anarekodi vipindi vyetu. Namuona vile alikuwa anachuchumaa mbele ya deki, vidole viwili vimefinya rekodi na plei pamoja, halafu matangazo yakianza anafinya pozi na anangoja hapo hapo magoti yakiuma. Kanda ikijaa anavunja kale kaplastiki ka pembeni na kisu ndio mtu asirekodi juu yake, anaandika lebo na biki. Ankol naye alijua dawa, alibandika selotepu hapo kwa kashimo akarekodi fainali ya Kombe la Dunia ya 1994, kwa hivyo kuna kanda moja ambayo Ojwang' anakatika katikati ya maneno na unaona Baggio wa Italia anapiga penalti juu ya goli. Baba alikasirika wiki mzima. Mimi hiyo ndio naitaka kuliko zote.

Niwaambie kitu. Wazee ninaowatunza huku wanaangalia vipindi vya ujana wao, kuna kimoja cha vichekesho vya wanajeshi wazee, Dad's Army, kilitengenezwa 1968 hadi 1977 na BBC mpaka leo wanakirudia. Mzee mmoja hasemi na mtu siku nzima lakini hicho kikianza anatamka maneno kabla muigizaji hajayatamka. Nikikaa naye nawaza, mimi nikifika umri huo nitawekewa nini? Na hata hao BBC zamani walifuta vitu vyao vingi, kanda zilikuwa ghali so wanarekodi vingine juu yake. Vipindi tisa vya tamthilia yao ya Doctor Who vya miaka ya sitini vilivyokuwa vimepotea vilikuja kupatikana Nigeria, mji wa Jos, kwa stesheni ya tivi, wakatangaza 2013. Vilikuwa vimekaa tu hapo Afrika kwa sababu hakuna mtu aliyevitupa! Sasa sisi tuna Ojwang' chini ya kitanda, na mwenyewe alishatuacha tangu 2015, halafu tumpe mtu wa vyuma?

Deki unaweza kuacha kama lori imejaa. Nimepata moja ya mitumba hapa, mpya hazitengenezwi tena, kampuni ya mwisho ilikuwa Funai ya Japani na waliacha 2016. Kanda za Kenya na za hapa ni mfumo mmoja wa picha, unaitwa PAL, kwa hivyo zitacheza, na nimenunua kale kawaya ka kuingiza kwa laptop ziwe faili, kila mtu apate yake kwa simu. Wewe zipange zikiwa zimesimama kama vitabu, usizilaze, mbali na jua na mbali na ile spika kubwa. Ukiona ukungu mweupe kwa utepe usijaribu kuicheza popote, ifunge kwa mfuko peke yake uandike. Kuna dada wa Webuye anarudi huku Agosti, amekubali kunibebea kanda sita. Weka ya Baggio kwanza.

Na Mama, kaa na Kadogo jioni moja umsomee lebo, ule mwandiko wa Baba ni wewe peke yako unauweza. Msalimieni Kukhu, nyanya yetu, sana.

Nijibuni kabla lori haijafika.

Kifungua mimba wenu