Panya wa maabara wasifanywe chambo cha kuuzia wanaume homoni

Mhariri,

Wiki iliyopita, nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, kijana mmoja alinitia karatasi mkononi. Ilikuwa na picha ya panya mweupe na maneno ya wino mwekundu: "Wanasayansi wamerudisha ujana wa panya mzee kwa testosteroni. Sasa zamu yako, mzee wangu." Chini yake nambari ya simu na bei ya sindano. Nimesomesha biolojia miaka mingi hapa Mombasa, na karatasi ile iliniumiza, kwa sababu utafiti wa namna hiyo upo kweli, ila umegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Testosteroni, homoni ya kiume, hutengenezwa ndani ya korodani na seli zilizojibanza baina ya vijirija vya kuzalisha mbegu. Huitwa seli za Leydig, kwa jina la Mjerumani Franz Leydig aliyezieleza mwaka 1850. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, huziamsha kwa homoni iitwayo LH. Nazo huingiza kolesteroli, aina ya mafuta ya mwilini, ndani ya mitokondria, vile vijumba vya nishati vya seli, na hapo ndipo kazi ya kuigeuza kuwa testosteroni huanza.

Barazani wengi hudhani kwamba uzee unaua seli hizi. Panya wa aina ya Brown Norway wameonyesha jambo jingine. Panya akizeeka, idadi ya seli zake hubaki karibu ileile, na LH haipungui. Kinachopungua ni kazi ya kila seli. Ni kama karakana ya seremala ambapo wateja wanabisha hodi na mafundi ni walewale, lakini mikono ya kuingiza mbao imechoka.

Mwaka 1999 Haolin Chen na Barry Zirkin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha jaribio ambalo nalipenda mno. Waliwapandikizia panya wa makamo vifuko vidogo vya testosteroni kwa miezi kadhaa. Homoni ilipojaa kwenye damu, pituitari ikanyamaza, na seli za Leydig zikapumzika. Vifuko vilipotolewa panya wakiwa wameshazeeka, seli zikarudi kazini na kutengeneza testosteroni kwa kiwango cha panya kijana. Huenda, basi, kazi yenyewe ya kutengeneza homoni hutoa kemikali za oksijeni zinazoichakaza seli kidogo kidogo.

Muuzaji ameliona neno testosteroni akakomea hapo. Kilichowafaa panya ni mapumziko! Muda wote homoni ya nje ilipokuwa mwilini, korodani zao zilikuwa zimezimwa. Na mwanamume hali kadhalika: akidungwa testosteroni, ya kwake mwenyewe huacha kutengenezwa, na mbegu hupungua, pengine zikatoweka kabisa.

Hili nimelishuhudia. Kijana niliyemsomesha, sasa fundi wa magari, alinijia nyumbani baada ya Magharibi akiwa na bahasha ya majibu ya maabara. Alikuwa ameoa miaka miwili, hajapata mtoto, na kwa zaidi ya mwaka alikuwa akidungwa sindano na mtu wa mahali anapofanyia mazoezi. Majibu yalisema hakuna mbegu hata moja. Aliikamata ile bahasha mpaka ikalowa jasho. "Mwalimu, mbona waliniambia inaongeza?" Daktari amemwachisha sindano na kumwambia asubiri, mara nyingi mbegu hurudi, lakini huchukua miezi, na kwa wengine zaidi. Mkewe naye anasubiri.

Sisemi kwamba hakuna mzee anayehitaji tiba. Wapo, na daktari huwajua kwa kupima damu asubuhi, wakati homoni hii iko juu, na kurudia kipimo siku nyingine. Na pengine uchovu wa mzee unatokana na ugonjwa wa sukari ambao haujapimwa. Mwuza sindano wa foleni ya feri hapimi chochote.

Kwa hivyo nakuomba, Mhariri, gazeti lako likatae matangazo ya aina hii, hata yanapokuja na pesa taslimu. Na maafisa wa afya wa kaunti wazifuate nambari zilizo kwenye karatasi hizo. Yangu sikuitupa, iko ndani ya daftari langu, na nitaipeleka ofisini kwao siku yoyote watakayoniita.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa