Barua kwa mpwa wangu anayetaka kusomea madini

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia mnavutana huko Mpwapwa: baba yako anataka uende kidato cha tano, wewe unataka Chuo cha Madini hapa Dodoma. Mjomba wako niko upande wako, ila si kwa sababu unazozitoa.

Unataka jiolojia, sayansi ya miamba, kwa sababu utazunguka porini. Utazunguka kweli. Lakini utafutaji madini huenda kwa fedha za wawekezaji wanaobahatisha, na bei ikishuka hao ndio wa kwanza kufunga mkoba. Mwaka 2013 bei ya dhahabu ilipoporomoka, kambi za uchorongaji (kutoboa miamba kutafuta sampuli) zilifungwa na wajiolojia wenye digrii zao wakarudi mjini kutafuta vibarua. Kwenye mitambo ya uchenjuaji, yaani kutenganisha madini na mwamba, kazi iliendelea, maana mgodi ukishafunguliwa mwamba lazima usagwe, usiku na mchana.

Kwa hiyo kwenye fomu jaza uchenjuaji. Najua hauna sifa mtaani. Lakini hebu fikiria kazi yenyewe ya kupima dhahabu maabarani: sampuli inasagwa hadi iwe unga, inachanganywa na oksidi ya risasi (metali ya lead) na boraksi, unga wa kusaidia kuyeyusha, inaingia tanuruni kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1000. Risasi inazoa dhahabu yote. Tonge hilo la risasi na dhahabu linachomwa tena kwenye kikombe maalumu kinachofyonza risasi, mpaka ibaki punje ndogo kama kichwa cha pini. Unaondoa madini ya fedha (silver) yaliyomo kwa tindikali, unapima kilichobaki. Hapo ndipo mwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, anajua mzigo wake una thamani gani, na wengi wamepunjwa kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kuwapimia. (Barakoa usiivue. Moshi wa risasi hauna mchezo.)

Shemeji anahofia utakosa digrii. Mwambie stashahada haifungi mlango: ukimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi unaweza kuomba chuo kikuu, na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ipo hapahapa. Tofauti ni kwamba utaingia ukiwa umeshashika mitambo, na ada ikikwama katikati, una cheti cha kuombea kazi. Anayeishia njiani baada ya kidato cha sita hana ujuzi wa kuuza.

Wasiwasi wangu ni kemia yako tu. Uchenjuaji ni kemia tupu, na wewe umezoea kukariri. Kabla ya kuripoti chuo njoo kwangu na madaftari ya kidato cha tatu. Tuanzie kwenye moli, kipimo cha kiasi cha kemikali.

Mjomba wako,
Dodoma