Mafundi, pimeni feni kabla ya kuihukumu

Mhariri,

Mimi ni dereva wa teksi hapa Malindi. Wageni wangu wengi nawachukua uwanja wa ndege nikawapeleka Watamu, na mara moja moja nafika Mokowe na wanaovuka kwenda Lamu. Leo naandika juu ya feni ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini.

Mwezi wa pili, jua la kaskazi likiwa halina huruma, nilikuwa narudi kutoka Mokowe. Karibu na Gongoni nikasimama kungoja ng'ombe wavuke barabara. Mshale wa joto ukapanda mpaka nikazima AC. Ng'ombe wakapita, nikaondoka, ukashuka wenyewe. Gari likitembea upepo unaingia kwenye rejeta bure, likisimama ni kazi ya feni. Nikajua feni haizunguki.

Nikaenda gereji moja mjini. Fundi akachomoa plagi ya feni, akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri, akagusisha kwenye ncha mbili nene. Kimya. "Imekufa hii, mzee. Nyingine ni 38,000." Kupima kwenyewe hakukuchukua hata dakika mbili. Gereji ya pili wakataka kunipunguzia gharama: wapasue kile kidude kilicho kwenye feni kinachoamua kasi yake, waunge mota moja kwa moja, wanitilie swichi kwenye dashibodi. Hapo nikakataa. Mwenzangu wa stendi alifungiwa hivyo, tena kwa swichi ya taa ya nyumbani. Swichi ile imetengenezwa kwa ampea 10, na feni kubwa ya wati 400 inakula kama 30. Iliyeyuka akiwa Mambrui, na abiria wakashuka wakikohoa.

Mpwa wangu hutengeneza mashine za boti. Watu wa boti chumvi wanaijua. Alikuja na mita ya kupimia umeme na balbu kuukuu ya taa ya mbele, ya wati 55. Akanionyesha kwamba feni yangu ina nyaya nne. Mbili nene ni za nguvu, chanya na hasi. Mbili nyembamba, moja huamsha kile kidude ufunguo ukiwashwa, na nyingine huleta amri kutoka kwenye kompyuta ya gari. Amri yenyewe ni umeme unaowashwa na kuzimwa haraka haraka, na kidude kinasoma muda wa kuwaka ni asilimia ngapi, ndipo kinaamua kasi. Basi ukiipa nguvu bila amri, feni kama hii inaweza kukaa kimya na iko nzima kabisa. Yule fundi wa kwanza alikuwa amepima ukimya tu.

Tukaanza na nyaya nene. Mita peke yake ilisoma volti 12.6, na mimi nikasema umeme upo. Mpwa wangu akacheka, akaunganisha balbu mahali pa feni. Ikawaka kwa unyonge, na mita ikaanguka mpaka 9.1. Mita peke yake haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata waya ulioliwa unaonekana mzima. Ni mzigo ndio unaotoa siri. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya plagi, balbu ikiwa bado inawaka: zaidi ya volti 3 zilikuwa zinapotelea njiani. Tukaufuata waya hasi mpaka kwenye bolti iliyo chini ya betri. Ilikuwa imefanya unga wa kijani. Feni ilikuwa ikijaribu kuanza, volti zinaanguka, kidude kinajizima.

Tukatia bolti mpya, tukapiga msasa, tukapaka grisi. Balbu ikang'aa kwa 12.4. Tukarudisha plagi, tukawasha injini na AC, na feni ikaanza polepole. Mpwa wangu akaingiza pini nyuma ya plagi kwenye waya wa amri, mita ikasoma asilimia 30. Maji yalipozidi joto ikafika 60, na feni ikavuma. Alinikanya nisitoboe ganda la waya kwa pini, maana kwa hewa yetu ya bahari kitundu kile ni mlango wa chumvi. Akanikanya pia nisiguse waya wa amri kwa chanya ya betri, kwa sababu magari mengi kompyuta huuvuta waya huo upande wa hasi, na unaweza kuunguza kitu cha bei kuliko feni.

Kuna watu huniuliza kasi nyingi za nini, si iwake tu. Feni ikizunguka nusu ya kasi yake hula karibu sehemu moja ya nane ya nguvu. Usiku, taa zimewashwa na AC inafanya kazi, altaneta, ile inayochaji betri, inaisikia tofauti hiyo.

Ombi langu kwa wenye gereji za pwani ni dogo. Kabla ya kumwambia mteja anunue feni, andikeni kwenye karatasi namba mbili: volti kwenye nyaya nene kukiwa na mzigo, na asilimia kwenye waya wa amri. Mita yenye kipimo cha asilimia si ghali, na balbu kuukuu mnazo zimejaa kwenye makopo. Mteja akizikuta namba hizo, hata 38,000 atalipa bila kununa.

Feni yangu iliyohukumiwa bado inavuma. Ile bolti iliyoliwa nimeiweka kwenye kikombe pale dashibodi. Yule fundi akipita stendi, aje aione, na chai ni juu yangu.

Dereva wa teksi,
Malindi