Kalamu 500 za nini? Kabla hujaagiza zawadi za wateja wako

Wiki iliyopita aliingia dukani kwetu Machomanne, Chake Chake, kijana mmoja anayefanya kazi kwenye kampuni ndogo ya usafirishaji. Mkononi ana kikaratasi: kalamu 500, zenye jina la kampuni, ziwe tayari kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamuuliza za kumpa nani. Akasema, "Wateja." Wangapi? Akaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaendelea kwa kutaja majina. Walifika 38.

Basi tukapiga hesabu pamoja pale pale kaunta. Kalamu 500 kwa watu 38 ni kalamu kumi na tatu kwa kila mtu, na sita zinabaki. Tuseme kila moja imesimama shilingi 2,000: hiyo ni milioni nzima. Milioni hiyo hiyo ukiigawa kwa watu 38, kila mmoja anaangukiwa na zaidi ya shilingi 26,000. Kwa pesa hizo unaweza kumpa mtu kitu atakachokiweka ndani kwake miaka miwili. Kijana akaikunja karatasi yake akasema atazungumza na bosi.

Mimi nauza kalamu, na sijamkataza mtu kununua kalamu. Zina mahali pake: semina, maonesho, skuli, meza ya mapokezi ambako watu mia wanapita na humjui hata mmoja. Pale unatangaza. Lakini mteja anayekuletea mzigo kila mwezi kwa miaka mitano humtangazii, anakujua tayari. Huyo unamshukuru, na shukrani haihesabiwi kwa wingi wa vipande. Makosa mengi ninayoyaona kaunta yanaanzia hapo: watu wanachanganya kitu cha kutangaza na kitu cha kushukuru, wanaweka nembo kubwa kote kote na wanaita zawadi.

Swali ninalowauliza wateja wetu ni jepesi. Huyu unayempa, tangu asubuhi mpaka usiku, mkono wake unashika nini? Alikuja mwenye duka la pembejeo akitaka kalamu kwa wakulima wake wa karafuu. Nikamwambia, mkulima wa karafuu anashika kalamu siku ya kupokea malipo, na ya kutia saini anaikuta mezani. Msimu wote uliobaki anashughulika na pishi, magunia na jamvi. Tukaenda kwa wasukaji Micheweni, wakasuka majamvi thelathini, na jina la duka likashonwa pembeni kwa ukili uliotiwa rangi nyekundu. Msimu ule ukitoka Chake kwenda Wete ulikuwa unaliona lile jina kando ya barabara, karafuu zimeanikwa katikati yake, na kila anayepita anaona. Majamvi yale hayakuwa rahisi, na wasukaji walichukua karibu miezi miwili. Lakini yule bwana hajaniuliza tena habari za kalamu.

Sasa kanga, maana hapa ndipo nilipoungua mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza wa biashara nilitaka kuwashukuru wateja wakubwa kwa Idi. Nikanunua doti ishirini, nikamwachia msaidizi wangu achague rangi, tukazifunga vizuri tukazipeleka majumbani. Mmoja wa wale wateja alikuwa na salio kwangu, kiasi kidogo tu, na wala sikuwa nimemdai. Mkewe akaifungua kanga, akausoma ule mstari wa chini mbele ya wageni wa sikukuu: "Dawa ya deni ni kulipa." Bwana yule alikuja siku ya tatu, akaweka pesa zote kaunta, akahesabu mara mbili, akasalimia, akaondoka. Hakurudi tena. Nilimfuata nikamweleza kwamba mimi sikuisoma ile kanga. Akacheka kwa adabu. Mswahili gani anatoa kanga bila kuisoma?

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo linalosema. Kwa hiyo zawadi ya kanga ni zawadi inayozungumza kwa niaba yako, nawe hupo. Kuna kampuni zinazotaka kanga zao maalum, na kila mara wanataka pale kwenye jina liandikwe "Huduma bora kwa bei nafuu" au kitu cha namna hiyo. Hakuna mwanamke atakayejifunga tangazo akaenda nalo harusini. Itaishia kufutia vumbi. Ushauri wangu ni huu: jina liachieni usemi mzuri, wa dua au wa shukrani, usio na fumbo la kumchoma mtu. Jina la kampuni litiwe dogo kwenye ukingo wa pindo, pale watengenezaji wanapoweka alama yao siku zote. Itavaliwa, na aliyeivaa akiulizwa ametoa wapi atataja. Ila mjue viwanda havichapi kanga chache. Ukiwa na wateja ishirini, nunua zilizopo, na uzisome.

Na jambo jingine ambalo vijana wa masoko hulisahau. Mwanamume kumpa mwanamke kanga mkononi kuna maana yake kwetu, hata kama wewe huna nia yoyote. Ikiwa mteja wako ni Bi Meneja wa hoteli au mwenye duka la nguo, apelekewe ofisini, na apeleke mwanamke mwenzake, na ndani muwe na kadi ya kampuni. Mafuta mazuri na udi hali kadhalika.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote, na wateja hukidharau, ni kalenda ya ukutani. Ingia duka lolote la rejareja Mkoani au Konde utaiona imepigwa msumari juu ya mzani, imepauka kwa jua, na bado inatazamwa. Kwetu sisi kalenda haina maana bila hijria. Mtu anataka kujua tarehe ya miladi ya kulipa kodi na tarehe ya mwezi mwandamo ya kufunga, na akiongezewa nyakati za sala hataitoa ukutani mpaka mwaka uishe. Lakini umakini unahitajika. Mwaka wa hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma siku kumi hadi kumi na mbili kila mwaka wa miladi. Mwaka 2030 inatazamiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Anayetumia kalenda ya zamani akabadilisha mwaka tu, anaharibu. Na siku ya Idi usiichape kama vile umeuona mwezi. Andika kwamba inategemea mwandamo, usije ukalaumiwa wewe na kampuni yako. Nyakati za sala nazo ziwe za Pemba. Usichukue jedwali la mji mwingine ukalibandika.

Niseme kidogo juu ya uchapaji, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotea bila mtu kujua. Mteja anakuja na fulana za pamba nyeusi anataka sablimesheni kwa kuwa ameona kikombe cha rafiki yake kimetoka vizuri. Haiwezekani. Wino ule ukipata joto unageuka mvuke unaoingia ndani ya poliesta, na pamba hauishiki, ukifuliwa unapotea. Na wino wenyewe hauna rangi nyeupe, kwa hiyo juu ya kitambaa cheusi hauonekani. Kikombe kinakubali kwa sababu kimepakwa utando wa aina ya poliesta kiwandani. Fulana ya pamba tunaichapa kwa skrini, na kwenye skrini kila rangi ina fremu yake. Ndiyo maana nembo ya rangi tano kwa fulana kumi inakuwa ghali, na kwa fulana mia tatu inakuwa nafuu. Kofia na mashati ya kola tunayatia darizi kwa mashine. Darizi inadumu kuliko shati lenyewe, lakini herufi zikiwa ndogo chini ya milimita tano hivi nyuzi zinajazana na maneno hayasomeki. Namba za simu usitie kwenye darizi.

Vitu vya chuma ni shauri jingine. Kisiwa hiki hewa yake ina chumvi. Vile vishikio vya funguo vya bei rahisi vilivyopakwa rangi ya fedha, baada ya miezi michache vinatoka kutu na jina lako liko juu ya kutu. Afadhali chupa ya maji ya chuma kisichoshika kutu, ichorwe kwa leza. Hapo hakuna rangi ya kubanduka.

Na nembo, tafadhali, msinitumie picha ya nembo kwa WhatsApp. Inabanwa, na ikikuzwa inakuwa kama imechorwa kwa vumbi. Itumeni kama hati, na kama aliyewachorea bado yupo mwombeni faili la PDF au SVG. Nusu ya ucheleweshaji wetu ni kutafuta nembo.

Hoteli na makampuni ya utalii, wengi wao kutoka Unguja, wanaagiza kwetu zawadi za wageni na za washirika wao wa nje. Huko kitu cha hapa kinashinda kila kitu kilichotoka kwenye kontena. Halua ya Wete ndani ya kijikapu cha ukindu haihitaji friji, na kikapu kinabaki baada ya halua kuisha. Sabuni ya mwani ina hadithi ya kweli nyuma yake: wakulima wa mwani visiwani wengi ni wanawake, na kilimo chenyewe cha biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Karafuu nayo inapendwa, lakini karafuu si nazi. Biashara yake iko chini ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na magendo ni kosa, kwa hiyo tunaweka pakiti ndogo zilizofungwa kutoka kwa wauzaji halali, wala hatumjazii mgeni gunia. Vitu vya ukindu katika masika tunavianika kabla ya kuvifunga, maana vikifungwa na unyevu mgeni atafungua ukungu.

Gamba la kasa na matumbawe hatugusi, hata mteja akiomba. Mgeni atakamatwa navyo uwanja wa ndege, kwani biashara yake inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini. Benki za umeme za simu (power bank) zinaruhusiwa kwenye mkoba wa mkononi tu, na kawaida mashirika ya ndege yanaziachia bila ruhusa maalum zisizozidi saa-wati 100. Ya 20,000 mAh ni kama saa-wati 74, inapita. Ikizidi zile saa-wati 100 unampa mgeni kazi ya kubishana na walinzi. Na vifuko vya plastiki tusahau, Zanzibar tulivikataa tangu 2006, Bara wakafuata Juni 2019. Tunafungia mkoba wa kitambaa au kikapu, na ufungaji wenyewe unakuwa zawadi ya pili.

Kuna ombi moja linalonipa taabu. Mtu anakuja, anavuta kiti karibu, anapunguza sauti: anataka "kitu kizuri" cha ofisa fulani, na ukimsikiliza unagundua ana zabuni inasubiri kufunguliwa. Neno takrima lilikuwa neno zuri sana la Kiswahili, la kumkirimu mgeni. Siasa ikalichukua, ikalitia kwenye sheria ya uchaguzi ili wagombea waruhusiwe kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ya Tanzania ikavifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Tangu hapo ukilitamka watu wanatazamana. Hapa tuna ZAECA, mamlaka ya Zanzibar ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, na viongozi wa umma wana sheria yao ya maadili. Wale wenye washirika Uingereza wakumbuke kwamba Sheria ya Rushwa ya 2010 ya kule inaweza kuifuata kampuni mpaka nje ya nchi yao. Kwa hiyo sisi tunasema: ikiwa kuna zabuni, kibali au ukaguzi mezani, usipeleke chochote. Baada ya hapo, toa kwa ofisi, si kwa mtu. Kalenda kumi za idara zenye barua juu yake hazimtii mtu aibu. Boksi linalopelekwa nyumbani usiku linamtia.

Juu ya muda. Vitu vya kusuka, miezi miwili. Vitu vinavyotoka Dar vinaingia kwa boti, na bahari ikichafuka vinakaa bandarini. Miamvuli iagizwe Januari ili mteja aipate Machi kabla ya masika, kwani ukimpa Juni ataiweka juu ya kabati. Kalenda nileteeni maandishi mwisho wa Septemba. Kila mwaka kuna mtu anakuja tarehe 20 Disemba na kila mwaka namwambia yale yale.

Ukija, njoo na orodha ya majina ya unaowapa, hata kama imeandikwa nyuma ya risiti, na bajeti yako ya kweli. Kama ni kanga, tutazitandaza kaunta moja moja, na utazisoma mwenyewe kwa sauti kabla sijazifunga.