Wavulana 72 wa Chicago na kinamama wa Kibirizi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ujiji, na huu ni mwaka wa sita nimekabidhiwa ushauri na unasihi wa wanafunzi. Mwezi uliopita tuliitwa semina. Mwezeshaji, kijana mwenye adabu zake na projekta yake, alitupitisha kwenye hatua 6 za ukuaji wa maadili za mwanasaikolojia Mmarekani, Lawrence Kohlberg. Alipofika hatua ya 3, ile ya mtu kutaka aonekane mwema mbele ya watu wake, akasema mabinti wengi hukwama hapo, wavulana husonga mbele kwenye sheria na haki. Walimu wa kiume wakacheka. Mimi niliandika daftarini, nikapigia mstari, nikanyamaza.

Jumamosi nikaenda Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, kwa mama mkubwa, anayeanika dagaa. Zilikuwa siku za mbalamwezi. Dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi haitoki, na kinamama walikuwa bandani wakichambua wa juzi. Nikawasimulia kisa kile kile alichokitumia Kohlberg. Mke wa Heinz anakufa kwa saratani. Mfamasia ana dawa iliyomgharimu dola 200, yeye anaiuza 2,000. Heinz amekopa kwa kila anayemjua, kapata 1,000, na mwenye dawa hataki kupunguza bei wala kulipwa baadaye. Je, aibe?

Hakuna aliyenijibu ndiyo au hapana. "Huyo mwenye duka mkewe nani? Tuanzie kwake." Mwingine akashangaa mtu mwenye nusu mkononi anakataliwaje mkopo, wakati wao hukopeshana mpaka giza lirudi. Mama mkubwa, macho kwenye ungo: "Akiiba akafungwa, mgonjwa atanyweshwa uji na nani?"

Mwezeshaji wetu angewaandikia hatua ya 3 wote, naapa.

Lakini kipimo kilitengenezwa kwa kina nani? Utafiti wa Kohlberg wa mwaka 1958 ulikuwa wa wavulana 72 wa Chicago, wenye miaka 10, 13 na 16. Msichana hakuwamo hata mmoja. Carol Gilligan, aliyefanya naye kazi Harvard, alilipigia kelele jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1982, kwamba anayetafuta njia ya kutovunja uhusiano wa watu hajabaki nyuma, ila ameanzia swali jingine. Hilo halikuwamo kwenye projekta.

Hata hivyo simfuati Gilligan mpaka mwisho. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Lawrence Walker alikusanya tafiti nyingi za kipimo hicho, akakuta tofauti ya wanawake na wanaume ni ndogo mno, na pale ilipojitokeza mara nyingi wanaume ndio waliokuwa wamesoma zaidi au wana kazi kubwa zaidi. Nami nina shahidi wangu. Mume wa mama mkubwa, mvuvi tangu ujana, alipita na ndoo yake, akasikiliza, akasema Heinz aende na wazee wawili wakakae na huyo mfamasia. Jibu lile lile, na ndevu anazo! Huenda basi si suala la wanawake hata kidogo, ni la Kibirizi na Chicago.

Ombi langu kwa wanaoandaa semina za walimu ni dogo. Kila mnapotuletea nadharia, andikeni hapo hapo nani walipimwa, wapi, mwaka gani. Mstari mmoja unatosha.

Nasema hivi kwa sababu wiki mbili baada ya semina tulikaa kuchagua viranja. Binti wa kidato cha tatu, anayesuluhisha ugomvi wa bweni kabla haujatufikia sisi, alipendekezwa awe kiranja mkuu. Mwenzangu mmoja akasema, "Huyu si ndio wale wa hatua ya 3?" Wakacheka tena. Safari hii nilisema, lakini kura zilikuwa zimeshahesabiwa. Binti amepewa ukiranja wa usafi.

Mwalimu wa unasihi,
Ujiji, Kigoma